Joto na Upepo katika Kukaanga Kahawa

Wasikilizaji wetu wa Maruku na Bukoba nzima, kahawa yetu ya robusta tangu kale huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, ikatafunwa. Leo twanena habari za kuikaanga nyumbani, katika pipa dogo la bati lizungushwalo juu ya makaa.

Mara ya kwanza tulitazama rangi tu. Buni zikawa nyeusi nje, ndani mbichi. Ndipo tukatafuta kipimajoto. Kwanza kijaribuni katika maji yachemkayo: huku kwetu juu hayafiki digrii 100, bali karibu 96, basi kikionyesha hivyo msikitupe! Ncha yake ikae katikati ya buni, isiguse bati. Joto likaribiapo digrii 200, buni zitalia kama bisi.

Upepo nao hupimwa. Tungikeni uzi wa pamba penye tundu la kuingizia hewa: ukivutwa ndani, moshi unatoka, ukilegea, moshi umebaki, na kahawa itanuka masizi. Lakini upepo ukizidi, joto hushuka, makaa yakateketea bure. Sisi hufungua tundu nusu hata mlio wa kwanza, kisha lote. Baadaye zimwageni upesi unguni, mzipepete. Zikiachwa pipani, moto huendelea kuzila.