Watakutania Wapi?

Sehemu kubwa ya Lavington, mtaa wa Nairobi, ilikuwa ardhi ya misheni ya St Austin's, iliyoanzishwa mwaka 1899, na wamisionari walilima kahawa hapo. Baadaye yakaja makazi ya nyumba moja moja, kila moja na bustani yake pana. Leo nyumba hizo zinabomolewa, na palipoishi familia moja panasimama jengo la ghorofa lenye familia kadhaa. Watu wameongezeka, kujuana kumepungua. Nami nasema lawama si ya wakazi. Ni ya namna mtaa ulivyopangwa.

Pita Barabara ya Gitanga jioni. Wafanyakazi wanarudi mtaa jirani wa Kawangware kwa miguu, wamebanwa kati ya magari na ua. Kando yao ni ukuta, juu yake nyaya za umeme, kisha geti. Ukienda kumwona rafiki, askari anakukabidhi daftari: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia. Mwenyeji naye hushuka kwa lifti hadi kwenye gari, akaondoka vioo vimefungwa. Anapakana na mtu asiyemjua hata jina. Akifiwa au akipoteza kazi, nani atambishia hodi?

Mwaka 2013 serikali ilituletea Nyumba Kumi, mfumo uliotoka Tanzania, ili tuwajue majirani kwa ajili ya usalama. Lakini ujirani hauji kwa amri. Watu huzoeana kwa kuonana mara kwa mara bila miadi: kwenye kibanda cha mama mboga, chini ya mti, watoto wakicheza. Mahali hapo pakiondolewa, upweke huingia, na upweke huumiza moyo na mwili. Ndiyo maana Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia mahusiano ya kijamii.

Kaunti ya Nairobi isiidhinishe ghorofa mpya bila njia ya miguu mbele yake, uwanja wa watoto, na mahali pa kuketi penye kivuli. Vibanda navyo vitengewe nafasi, visifukuzwe.

Nanyi wakazi, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inawapa nafasi ya kutoa maoni kabla mradi haujaidhinishwa. Tumezoea kuuliza kuhusu maji taka na msongamano wa magari. Tuyaulize hayo, tuongeze na hili: watakaohamia humu, watakutania wapi?