Mtoto Mzima Apimwe Pumzi ya Nini?



Tunaulizwa mara nyingi: mtoto anacheza, anakula vizuri, apimwe pumzi ya nini? Si ni kupoteza wakati bure? Sisi tunasema hapana.

Kupumua ni kazi ya misuli, sawa na kulima. Msuli mkubwa uko chini ya mapafu, unaitwa kiwambo. Ukishuka, hewa inaingia. Kuna hospitali zinazopima nguvu ya misuli hii. Mtoto hubanwa pua, huwekewa mrija mdomoni wenye kipimo, kisha huambiwa avute kwa nguvu zake zote. Hurudia mara kadhaa na kipimo cha juu ndicho huandikwa, maana mara ya kwanza watoto wengine huona haya, wengine hucheka tu.

Mwaka wa 1984 wataalamu wa Uingereza walichapisha vipimo vya watoto wazima 235, wa miaka 7 hadi 17. Wastani wa wavulana ulikuwa sentimita 75 za maji, wasichana 63. Ni kama kunyonya maji kwa mrija mpaka yapande kimo hicho. Lakini wale walikuwa watoto wa Kizungu, na nguvu ilifuata uzito wa mwili. Tusichukue hesabu hiyo tukamhukumu mtoto wetu mwembamba.

Hapa kijijini kipimo hicho hatuna. Tuna macho na saa. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi zake dakika moja nzima. Usikisie. Wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Wa mwaka 1 hadi asiyetimiza 5, ni 40. Akiwa anakohoa pia, huenda ni nimonia. Na akivuta hewa huku kifua kikibonyea ndani upande wa chini, jueni misuli inahangaika na itachoka. Hapo si wakati wa kumpaka mafuta ya kifua wala kungoja baba arudi kutoka mjini. Kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa mnaona: mama aliyezoea kuhesabu mtoto akiwa mzima hashtuki wala hababaiki siku ya homa. Mkutano ujao kila kikundi kilete saa yenye mshale wa sekunde, na watoto wenu wazima. Tutaanza na hao.