Ziwa Nakuru na Kura ya Wadi



Kila uchaguzi unapokaribia, kauli moja hurudi katika jiji hili la Nakuru, nayo hutamkwa kwa sauti ya hekima: ziwa lisitiwe siasa. Nimeisikia kwa wanasayansi ninaowaheshimu, kwa maafisa wa uhifadhi, hata kwa wanaowania viti. Mgombea akiulizwa atalifanyia nini Ziwa Nakuru, hujibu kwamba hiyo ni hifadhi ya taifa, ina wenyewe Nairobi, na kazi ya mwakilishi wadi ni barabara, basari na taa za mitaani. Mhadhara wangu una lengo moja, kuibomoa kauli hiyo.

Historia ya hifadhi mnaijua, sitaikariri: ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, ziwa likaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 1990 na katika urithi wa dunia mwaka 2011. Heshima zote hizo zinahusu ziwa na ufuo wake, lakini maji yanayoingia ziwani hutoka mbali nje ya uzio.

Tuanze na sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya taifa ulinzi wa mazingira na wanyamapori. Wanaolitaja ziwa kuwa la Nairobi huishia hapo. Wangeendelea kusoma, wangekuta kaunti imepewa huduma za maji na usafi wa majitaka, mifereji ya maji ya mvua mijini, uzoaji wa taka na majaa yake, pamoja na mipango ya ujenzi. Kwa hiyo mnyama aliye ndani ya uzio ni wa taifa, na karibu kila kinachotiririka kumfikia kutoka mjini ni cha kaunti. Bajeti ya kaunti hupitishwa na bunge la kaunti, na bunge hilo huchaguliwa wadi kwa wadi. Mwakilishi wadi anaposema ziwa halimhusu, anaikana kazi aliyoomba.

Sasa historia. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki katika orodha ya misitu ya serikali, huku uchaguzi mkuu ukiwa mwaka uliofuata. Mto Njoro, mmoja wa mito mikubwa inayolilisha ziwa letu, huanzia kwenye miinuko ya msitu huo. Wataalamu walipinga, wakaandika, wakaandamana na takwimu zao, na mashamba yakakatwa. Ziwa lilikwisha kutiwa siasa zamani. Waliotakiwa kukaa nje ya siasa ni wale tu waliotaka kulitetea, na hilo ndilo linalonikera katika kauli hii: huunyang'anya silaha upande mmoja na kuuachia mwingine.

Lakini kauli ina sura nyingine iliyo nzito zaidi, na inastahili jibu kamili. Wenzangu wanasayansi husema sayansi ya maji ni ngumu, mpigakura hawezi kupima fosforasi, na ziwa likiwekwa kwenye sanduku la kura litapata ahadi za kupendeza na maamuzi mabaya. Niruhusuni nikae kidogo na kitabu ambacho nimekisoma hadi jalada likalegea: The Uses of Ecology cha W. T. Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichochapishwa mwaka 1991.

Ziwa la Edmondson lilikuwa Lake Washington, ubavuni mwa jiji la Seattle. Kufikia miaka ya 1950 miji iliyolizunguka ilikuwa ikimwaga humo majitaka yaliyopita kwenye mitambo lakini yakabaki na fosforasi tele, chakula cha mwani. Mwaka 1955 mwani aina ya Oscillatoria rubescens uligunduliwa ndani ya maji, uleule uliotangulia kuharibika kwa ziwa la Zürich huko Uswisi. Edmondson aliisoma dalili hiyo na kutabiri: fosforasi ikiendelea, ziwa litazidi kuchafuka, ikizuiwa, litapona. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu vyuoni hatulifanyi. Aliwaandalia wananchi waliokuwa wakipigania mpango wa majitaka, wakiongozwa na wakili James Ellis, maelezo ya maswali na majibu katika lugha ambayo mlipa kodi angeielewa. Alieleza litakalotokea hatua ikichukuliwa na litakalotokea isipochukuliwa.

Kura ikapigwa Machi 1958, na mpango ukaanguka. Ulipita ndani ya Seattle, ukakataliwa vitongojini, na ilihitajika ukubaliwe pande zote mbili. Wenzangu wangeishia hapo na kutangaza kwamba wananchi hawaelewi. Edmondson hakuishia hapo, na ndiyo sababu nampenda. Mpango ule ulikuwa umebebeshwa mizigo mingi: majitaka, usafiri na mipango miji kwa pamoja. Watetezi waliupunguza, ukabaki wa majitaka tu, wakarudi kwa wapigakura Septemba mwaka huohuo, nao ukapita pande zote mbili. Majitaka yalianza kuelekezwa kwingine mwaka 1963, kazi ikakamilika mwaka 1968. Kuna sahani nyeupe tunayoishusha majini kupima uangavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sahani hiyo ilikuwa ikipotea machoni kwenye kina cha kama mita moja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ilionekana hadi karibu mita saba, kwa msaada pia wa viumbe wadogo aina ya Daphnia waliozaana kwa wingi. Wapigakura wale hawakupima fosforasi. Waliulizwa swali lililo wazi kuhusu bomba na gharama yake, wakalijibu.

Najua pingamizi. Seattle ilikuwa na bahari ya kupelekea majitaka yake. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka: Njoro, Makalia na Nderit huingia, na maji huondoka kwa kukauka juani. Kinachoingia humu hubaki humu. Tena ziwa letu ni la magadi, na ukijani wake ni chakula cha flamingo. Mgombea anayeahidi maji maangavu kama kioo anawaahidia ndege wale njaa. Isitoshe, tangu 2010 maji yamepanda, yakameza lango kuu la zamani la mbuga na nyumba za watu kule Mwariki, magadi yakazimuka, na flamingo wengi wakahamia Bogoria. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 iliitaja mvua kuwa chanzo kikuu. Hakuna mwakilishi wadi anayeiamuru mvua.

Ninayakubali yote hayo, na yote yananirudisha palepale. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea linahitaji majitaka yasafishwe vizuri zaidi kuliko yale ya Seattle. Ziwa lililopanda hadi mitaani limevikaribia vyoo vya watu.

Katika kampeni moja iliyopita nilisimama nyuma ya umati kwenye uwanja wa shule. Mgombea aliahidi kuwarudisha flamingo, akashangiliwa. Mama mmoja akainua mkono: "Mheshimiwa, choo chetu kikijaa gari linakuja kunyonya. Likitoka hapo linamwaga wapi?" Hakujibiwa. Nimekaa katika makongamano mengi ya wataalamu wa maziwa, na maswali machache niliyoyasikia huko yalilikaribia hilo kwa uzito.

Ahadi tunazozisikia ni za aina tatu. Mgombea mmoja huandaa siku ya kuokota taka ufuoni, apigwe picha. Wa pili huahidi watalii. Wa tatu huulaumu Mau na Nairobi, na ana sehemu ya haki, ila lawama hiyo humwondolea deni lake mwenyewe. Sioni ubaya katika yoyote, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeligusa bomba.

Msimamo wangu haujabadilika tangu nilipoanza kazi hii: ziwa la mji huokolewa au huangamizwa kwenye majitaka ya mji. Nyumba nyingi za Nakuru bado zinategemea vyoo vya shimo na matangi. Basi Agosti 2027, mgombea akija kwenu, muulizeni: mabomba ya majitaka yatafika mitaa ipi, na kwa mwaka gani wa bajeti? Magari ya kunyonya yanamwaga wapi, na nani anayafuatilia? Mvua ikishuka kupitia jaa la Gioto, taka zitazuiwa na nini? Ataipigia kura bajeti ya mitambo ya majitaka hata ikipunguza fedha za barabara anayotaka kuizindua?

Wanasayansi nasi tuna wajibu: tuandike majibu kwa Kiswahili cha sokoni, tuyapeleke kwenye wadi kabla ya kampeni, tuyarudie kura ikishindwa. Na mgombea asiyeweza kuyajibu maswali yale asipewe kura, hata kama wadi yake iko mbali na ufuo, kwa maana mtaa usio na bomba jijini humu unamwagia ziwa taka zake kila msimu wa mvua, iwe mwakilishi wadi wake analitaja au halitaji.