Mtoto wa Mkimbizi na Masimulizi ya Mama Yake



Leo nawaletea habari ya mtu aliyefika kwetu akiwa mtoto wa mkimbizi. Raoul Peck alizaliwa Haiti mwaka 1953. Utawala wa Duvalier ulimfunga baba yake, mtaalamu wa kilimo. Mwaka 1961 jamaa hiyo ikahamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Mwaka huohuo, tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba aliuawa Katanga. Mama yake Peck alipata kazi ya ukatibu kwa meya wa mji. Mengi aliyoyasikia akamsimulia mwanawe.

Peck alijifunza sinema Berlin. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa filamu juu ya kifo cha Lumumba, akitumia masimulizi hayo ya mama. Hakuipigia Zaire; alizunguka Bruxelles wakati wa baridi, akiwatafuta watu waliokuwepo, mmojammoja. Picha za zamani za waziri wetu mkuu wa kwanza zilikuwa mikononi mwa makampuni ya Ulaya, nayo yalidai fedha kwa kila dakika. Fikirini hilo! Mwaka 2000 alirudia kisa kwa waigizaji, na kwa kuwa kwetu kulikuwa na vita, akapiga Zimbabwe na Msumbiji. Baadaye filamu yake nyingine ilishindania Oscar, mwaka 2017.

Mimi nilisoma sheria. Kinachonivuta ni mashahidi wake. Bunge la Ubelgiji liliunda tume juu ya mauaji hayo mwaka 2000, miaka 39 imepita. Tume iliweza kufanya kazi kwa sababu karatasi zilihifadhiwa na baadhi ya mashahidi walikuwa hai.

Kambini tunasikia: «Kabila fulani walichoma kijiji chetu.» Kabila halishiki kiberiti. Ni nani? Siku gani? Wapi? Aliyeona kwa macho ni nani, na nani aliambiwa tu? Maneno ya kabila zima humfikia hata jirani aliyewaficha watoto wenu chini ya kitanda.

Basi, wakubwa, mtafuteni anayejua kuandika na anayeaminiwa na pande zote. Aketi na wazee kwanza, maana hao hawatungoji. Majina yasisomwe hadharani wala kwenye redio; yanaweza kuua. Daftari lifungwe katika plastiki pamoja na picha mlizokimbia nazo, na nakala ya pili ikae mahali pengine, mbali na kambi.