F1 Kwanza: Usibahatishe Vitufe



Zipo programu za kompyuta zenye maandishi matupu, ziendeshwazo kwa vitufe vya F1 hadi F12 bila kipanya. Kitufe kimoja hakina kazi ileile kila mahali. Katika Midnight Commander, ipangayo mafaili, F8 hufuta. Katika htop, isimamiayo kazi za kompyuta, F8 hupunguza kipaumbele. Abahatishaye aweza kufuta kumbukumbu ya mwananchi.

Hata hivyo, zote mbili hufungua msaada kwa F1, hufungwa kwa F10, na huonyesha kazi za vitufe chini ya skrini. Basi mtumishi akisita ili asome kwanza, na asubiriwe. Haraka haraka haina baraka.