Daftari la Kikundi Lina Hesabu za Darasani

(Hotuba ya mwalimu wa hisabati kwa vikundi vya kujisaidia)



Tangu Januari 2023 watoto wetu wanaingia Gredi ya 7, yaani sekondari msingi, na hisabati ni somo la lazima kwao. Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, hesabu za siku hizi hatuziwezi, zina herufi." Mnaziweza. Tena mnazifanya kila mnapokutana.

Mtoto wa umri huu hajashindwa na kujumlisha. Anakwama pale nambari zinapochanganyika na herufi. Hapo wengi hukariri tu, "Hamisha upande wa pili, badilisha ishara," kama mtu anayeimba kwa lugha asiyoijua. Ukimgeuzia swali kidogo, amepotea.

Sasa shika daftari la mweka hazina. Wanachama 15 wametoa mchango sawa, faini za waliochelewa ni shilingi 200, na pesa zote ni shilingi 1,700. Kila mmoja alitoa ngapi? Mama yeyote hapa ataondoa faini kwanza, abaki na 1,500, halafu agawanye kwa 15. Ni shilingi 100. Ubaoni mwalimu anaandika 15x + 200 = 1,700. Ni kitu kile kile! Hiyo x ni mchango ambao bado hatujaujua.

Nambari hasi nazo ni madeni. Mtoto husumbuka sana akiambiwa hasi mara hasi ni chanya. Mwulize hivi: una madeni 3 ya shilingi 50 kila moja, kikundi kikayafuta yote, hali yako imepanda au imeshuka? Imepanda kwa shilingi 150.

Lakini hapa kwenye riba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mwanachama amekopa shilingi 6,000 kwa miezi 6, riba asilimia 10 kwa mwezi, naye anarudisha 1,000 ya mkopo kila mwezi. Kikundi cha kwanza hutoza riba juu ya zile 6,000 zote mpaka mwisho. Hiyo ni 600 mara 6, yaani 3,600. Kikundi cha pili hutoza juu ya deni lililobaki tu: 600, 500, 400, 300, 200, halafu 100. Jumla ni 2,100. Tofauti ni shilingi 1,500, na vikundi vyote viwili husema "asilimia kumi". Mimi sisemi nani amekosea, hayo ni ya katiba zenu. Ninalosema ni kwamba mtoto aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake, siku akiletewa mkopo atauliza, "Asilimia kumi ya nini?"

Vivyo hivyo ploti. Ile ya futi 50 kwa 100 watu huiita sehemu ya nane ya ekari. Ekari ni futi za mraba 43,560, kwa hivyo sehemu ya nane ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Hizo 445 ziko wapi?

Ombi langu ni dogo. Kila kikundi kimpe mwalimu wa hisabati wa shule iliyo karibu nakala ya ukurasa mmoja wa daftari, majina yakiwa yamefunikwa (deni la mtu si habari ya darasani). Na tafadhali, msichana asiambiwe kwamba hesabu ni za wavulana, hali waweka hazina wengi niwaonao hapa ni akina mama.

Jumamosi hii mpe mtoto kamba na futi apime shamba lenu, kisha akuambie ni ekari ngapi. Wa Gredi ya 7 mwanzishe na kipande cha mstatili. Lile lenye kona zisizoeleweka mwachie wa Gredi ya 9, aligawe kwa pembetatu.