Matibabu ya Wazee: Nusu ya Ahadi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi kuwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atatibiwa bila malipo. Vitambulisho vimetolewa, na vituo vingi vya afya vina dirisha la wazee. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, mzee anayemwona daktari bure kisha akaambiwa akanunue dawa nje ametimiziwa nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo ghali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka wasio na uwezo wagharamiwe. Utambuzi huanzia kijijini na mtaani; aliye na mzee asiyeweza kutembea na afike kwa mtendaji kwa niaba yake.